Nyumba ya Meksiko Iliyojengwa Forest

Kazi yangu ya kwanza Brussels ilikuwa kushona mapazia ya nyumba za Meksiko. Nyumba zenyewe zilikuwa zinajengwa huko, kando ya bahari ya Pasifiki, mtaa mzima wa kuta nyeupe na vibaraza, na waliokuwa wakizinunua ni Wabelgiji wa makamo waliochoshwa na mvua. Kuta zilijengwa na watu wa huko. Lakini kila kitu cha kuwekwa ndani, kuanzia vitanda hadi foronya, kilitengenezwa kwetu katika ghala moja la zamani huko Forest, mtaa wa kusini mwa Brussels, kikafungwa vizuri na kupelekwa bandarini Antwerp.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, baada ya mauaji kufika mlangoni kwetu, na nilikuwa nakaa mtaa wa Schaerbeek, hapohapo Brussels, kwa dada yangu mkubwa, nikilala sebuleni nyuma ya kabati. Dada alisikia kwa jirani kwamba kuna mzungu anatafuta watu wa kushona. Akanipeleka mwenyewe kwa tramu, akanifikisha mlangoni, akaniambia nikikataliwa nisirudi kwake. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Washonaji tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mtu mzima, mnene, mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili wake. Kila mtu pale alimwita Maman, hata maseremala wa Kibelgiji waliomzidi umri. Kwao alikuwa na karakana yake, akishona sare za shule. Vita vilimtoa huko, mume akafia njiani, na wasichana wake watatu walikuwa wamebaki Uvira kwa mdogo wake, wakisubiri ruhusa ya kuja.

Mwanzoni nilidhani atanionea huruma kwa sababu wote tumetoka upande mmoja wa dunia. Haikuwa hivyo. Alikuwa na rula ya mbao ya kupimia vitambaa, na pindo likienda upande alinigonga nayo vidoleni bila kunyanyua macho kutoka kwenye cherehani yake.

“Bon, mutoto, fumua yote,” alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. “Hii mushono iko inatembea kama mulevi.”

Nilifumua. Kuna pazia moja nililifumua mpaka kitambaa kikatoboka kwa sindano, na hilo akalipeleka mwenyewe kwa msimamizi, akamwonesha matundu, akamweleza ni mkono wa nani. Lakini kushona alinifundisha. Siwezi kusema hakunifundisha.

Msimamizi tulimwita Madame. Kampuni haikuwa yake. Kazi yake ilikuwa kuamua nyumba zitakaaje ndani. Alikwenda Meksiko mara kwa mara na kurudi na ngozi iliyoiva kwa jua. Hakuwahi kupaza sauti. Alipozungumza nawe alitazama kitambaa kilicho mkononi mwako. Siku moja alituambia tufupishe vyandarua vyote viishie magotini, kwa sababu vikigusa sakafu vinaharibu picha. Tulikuwa na rundo la vyandarua lililofika kifuani. Maman alichukua mkasi akaanza kukata, na alipoona nimeduwaa aliniuliza kama mimi ndiye nitakayelala humo.

Halafu wanunuzi wakapungua. Walikuwa wakioneshwa picha na ramani, na picha hazikuwatosha watu kutoa akiba yao ya uzeeni. Ndipo Madame akaamua nyumba moja ijengwe nzima ndani ya ghala letu, ya ukubwa wake halisi, ili mtu aingie, akae, alale chali kitandani akitaka. Maseremala wakaisimamisha kabla ya baridi kuanza: vyumba viwili vya kulala, jiko, sebule, na kibaraza chenye paa la makuti ya plastiki, kwa kuwa watu wa zimamoto walikataa makuti ya kweli. Mbele ya kibaraza wakamwaga mchanga. Kwenye ukuta wa ghala mwanafunzi mmoja wa uchoraji alichora bahari. Juu wakafunga taa kubwa zenye joto. Sisi tulishona nje ya kuta zile za mbao tukiwa na makoti, tukipuliza vidole, na ndani yake ilikuwa Meksiko.

Vitanda vilitengenezwa na maseremala wetu, vizito, vya mbao nyekundu, na kwenye ubao wa kichwani lilichongwa jua linalochomoza. Madame alivitandika mwenyewe siku ya kwanza, akainyoosha shuka mpaka ikawa kama bati. Maman alisimama mlangoni akitazama.

“Kitanda ya muntu haitandikwe kama sanduku ya maiti,” aliniambia kwa Kiswahili. Madame akauliza amesema nini, na Maman akamjibu kwa Kifaransa kwamba amesema ni kizuri.

Lakini Madame alipoondoka, Maman aliingia akakitandika upya. Alikunja shuka upande mmoja tu, kama kitanda cha mtu aliyeamka sasa hivi na atarudi. Akasogeza kiti karibu na dirisha. Akamwaga maji kidogo kwenye sinki. Sijui kwa nini alifanya hivyo, wala sikumuuliza, nilikuwa namwogopa. Siku iliyofuata walikuja mume na mke, wakanunua siku ileile. Madame alizunguka nyumba nzima akigusa vitu, kisha akatuuliza nani ameingia humu. Maman akasema ni yeye. Nilifurahi kidogo, nikasubiri Maman asemwe. Hakusemwa. Madame alimwambia kuanzia siku ile aache cherehani kila wageni wanapokuja, akae ndani ya nyumba, afanye kama anaishi humo.

Basi Maman akaishi humo. Alivaa blauzi nyeupe iliyotariziwa maua, akapika samaki kwa ndimu na pilipili, akatoa juisi kwenye vikombe vya udongo, na wageni walivua makoti yao ya baridi wakaketi kibarazani wakitazama ukuta. Mimi nilibaki na cherehani mbili. Wakati hakuna wageni nilimwona amekaa jikoni mwa nyumba ile peke yake, akipanga vijiko ambavyo vimeshapangwa. Alianza kunisema nikiingia na viatu.

Mteja aliyebadilisha mambo alikuwa mke wa daktari wa meno aliyestaafu. Walikuja wawili, mume mpole, mke mwenye pua nyembamba na skafu ya hariri. Walikula samaki wakamsifu mpishi. Mke aliingia chumbani, akajilaza, akasema godoro ni zuri. Alipotoka, Maman alikuwa amesimama pale akiwa ameshika trei.

Yule mke alimuuliza Madame, bila kushusha sauti: “Na huko, watakuwa wengi wa aina hii?”

Madame akajibu kwamba hapana, huyu ni wa hapa tu.

Hawakununua siku ile. Walisema watafikiri. Walipoondoka, Madame alimwambia Maman kwamba amefanya kazi nzuri sana, na kwamba kuanzia kesho apikie nyuma ya ukuta. Maseremala walitoboa tundu kwenye mbao juu ya jiko la nyumba ya mfano, wakaweka feni ndogo, ili harufu iingie na mpishi asionekane. Maman akapewa meza na jiko la gesi huku nje, kwenye baridi, kando ya rundo la vyandarua.

Aliyevikwa blauzi yake nikawa mimi. Madame alinipeleka kwa msusi wake mwenyewe, nywele zangu zikanyooshwa, nikaambiwa wageni wakinisemesha nitabasamu na nijibu sí, ndiyo ya Kihispania, kama msichana wa Meksiko. Nilikuwa mwembamba, rangi yangu ya maji ya kunde, na mchezo ule ulimfurahisha Madame kuliko chochote. Blauzi ilinipwaya, kwa hiyo ilibidi Maman aipunguze. Alinisimamisha mbele yake akiwa na pini mdomoni, akanichoma ubavuni, nami sikudhani ni bahati mbaya.

“Weye utafaa,” alisema alipomaliza. “Uko na sura ya fasi yoyote.”

Nimeishi na maneno hayo, sura ya mahali popote, muda mrefu kuliko nilivyoishi na watu wengi.

Huenda Madame aliona kwamba mpishi wake amenuna na anaweza kuondoka, na harufu ile ilikuwa inauza. Siku moja alikuja nyuma ya ukuta, akasimama kando ya jiko la gesi, akamuuliza Maman habari za watoto. Maman alishangaa mpaka akazima moto. Akamweleza: ruhusa imeshatoka, wasichana watafika kabla ya Pasaka, naye bado hajapata hata pa kuwaweka. Madame akasema, mbele yangu na mbele ya seremala mmoja, kwamba nyumba za Meksiko zikimalizika kuuzwa, nyumba ya mfano itabomolewa na Maman achukue vitanda. Na meza. Na chochote atakachotaka.

Tangu siku ile Maman alipika kwa bidii iliyonitisha. Alipanga nyumba ndogo Schaerbeek, ghorofa ya tatu, mitaa michache kutoka kwa dada yangu. Aliipanga tupu kabisa, kwa kutegemea vile vitanda, na Jumapili moja akanichukua kwenda kuiona. Ndiyo siku pekee aliyonikaribisha kwake. Hapakuwa na kitu ndani zaidi ya kanga iliyotandikwa sakafuni na sufuria. Alipita chumba hadi chumba akinyoosha mkono.

“Mukubwa atalala hapa, karibu na dirisha, anapenda kuangalia bantu. Bale badogo hapa, pamoja. Nimebambia kwa simu: kitanda iko na jua kichwani. Hawaamini.”

Nilimwambia patapendeza. Akanijibu kwamba hajaniuliza. Lakini tulipokuwa tunashuka ngazi aliniambia kuna pazia moja kazini ambalo rangi yake ilikosewa kiwandani na Madame amelikataa, nilichukue, kwa sababu dada yangu, jirani yake sasa, amemwambia nalala nyuma ya kabati kama panya. Nililichukua. Lilikuwa la rangi ya machungwa, zito, nikalitundika kutoka dari mpaka kwenye kabati, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Ulaya nilivua nguo bila mtu kuniona.

Mke wa daktari wa meno alirudi na mumewe mwisho wa baridi kuweka sahihi. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho. Nilikuwa nimeshika trei, natabasamu. Alipita chumbani, akapapasa jua kwenye ubao wa kitanda, akasema vitanda vyao viwe kama hivi hivi kabisa. Madame akamhakikishia. Kisha yule mke akauliza, kama mtu anayeuliza saa, hivi vya hapa vitakwenda wapi.

Madame alitabasamu. Nadhani alitaka kuonekana mwema. Akasema tumempa mpishi wetu, watoto wake wanakuja kutoka Afrika.

Yule mke alicheka kidogo, kisha akaacha. Akamtazama mumewe, akamtazama Madame. “Kwa hiyo,” akasema, “sisi tutakuwa na kitanda sawa na cha mpishi wenu.”

Mume alimwambia anyamaze, akisema hilo si jambo. Madame pia alisema si jambo. Wakaweka sahihi, wakanywa mvinyo kibarazani chini ya taa. Nyuma ya ukuta feni ilikuwa inazunguka, na Maman alikuwa hapo, hatua chache tu kutoka kwenye meza yao. Sikujua amesikia kiasi gani. Nilipotoka na vyombo alivipokea akaviosha.

Wiki iliyofuata tulikuta wanaume wawili wageni ghalani na misumeno. Madame alikuwa amevaa glavu. Alitueleza kwa utulivu kwamba uongozi umeamua: mitindo ya samani hizi ni mali ya kampuni, wateja wamelipia kitu ambacho hakipatikani kwingine, na kitanda kama hiki kikionekana katika nyumba ya mtu Schaerbeek si haki kwao. Kila kitu kitakatwa na kuchomwa. Akamgeukia Maman akasema anasikitika sana, akamwambia anaweza kuchukua masufuria.

Maman alimuuliza kama anaweza kuvifungua vitanda skrubu, achukue mbao tu, bila zile sehemu za jua. Madame akasema hakuna muda wa kufungua. Maman akauliza tena, polepole, kwa Kifaransa chake kizuri, akimwita Madame kila mwisho wa sentensi. Wasichana wake walikuwa wanafika siku ya Alhamisi. Madame akatazama kitambaa alichokuwa nacho Maman begani, akasema hapana.

Mmoja wa wale wanaume aliinua msumeno. Maman akamzuia kwa mkono.

“Kama ni kukata,” akaniambia mimi, si yeye, “nitakata miye mwenyewe. Shika kule.”

Nikashika upande wa pili. Alikata kitanda cha kwanza katikati ya jua. Hakuwa na haraka, na mbao zile zilikuwa ngumu; jasho lilimtoka chini ya zile taa za joto ambazo hakuna aliyekumbuka kuzizima. Wanaume walisimama wakitazama. Alikata matendegu moja moja. Akahamia kitanda cha pili, mimi nikamfuata. Unga wa mbao uliniingia puani na machoni nami sikuthubutu kuachia. Kilipoanguka cha mwisho Madame alimshukuru, na sijui, labda alimaanisha.

Hapo ndipo Maman alipojifuta uso na kusema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kawaida kabisa: “Huyu naye ana pazia la nyumba hii kwao, Madame. Amelitundika.”

Nilimtazama. Nilidhani ataongeza kwamba ni yeye aliyeniambia nilichukue. Madame aliniuliza kama ni kweli. Nikasema ni lile lililokosewa rangi, lililokataliwa. Akasema hata hivyo, nilirudishe kesho asubuhi. Maman alikuwa anakusanya vipande vya mbao, akivipanga kwa urefu.

Nilimsimulia dada jioni ile nikitegemea atasimama upande wangu. Alipanda juu ya kiti akalishusha pazia mwenyewe, akalikunja, akaliweka mlangoni nisilisahau. Alisema kazi ni kazi.

Asubuhi Madame hakuwepo. Nilimkabidhi Maman lile pazia, na yeye akalitandaza mezani, akalinyoosha kwa viganja, akalikata kwa mkasi vipande vyembamba, vyote sawa, kama mtu anayeandaa tambi. Nilimuuliza kwa nini. Nikamwambia, Maman, nimekukosea nini?

“Haukunikosea,” alisema. Alimaliza kukata, akavisukuma vipande kwenye mfuko wa takataka. “Ulikuwa unasimama pale na trei, unacheka na bale bazungu.”

Wasichana walifika Alhamisi kama ilivyosemwa. Dada alipika pilau, akanilazimisha twende kuwasalimia, kwa sababu ni desturi na kwa sababu Maman alikuwa amemshonea nguo za Idi. Walikuwa wembamba, wamevaa makoti ya watu wengine, na wamekaa sakafuni juu ya magodoro mawili ya sponji. Maman alipokea chakula kwa mikono miwili, akatushukuru, akatuletea chai. Yule mdogo kabisa alikuwa akizunguka chumba hadi chumba, akifungua milango ya makabati ya ukutani. Mwisho akaja akasimama mbele yangu.

“Tantine,” akaniuliza, “kitanda ya jua iko wapi?”

Nilimwambia vilikuwa vya Meksiko, vimepelekwa kwa meli.

“Anakudanganya,” mama yake alisema, akimimina chai. “Nilivikata miye mwenyewe. Huyu alishika upande ingine. Kula.”

Mtoto akala. Dada aliongea habari za shule, za tramu, za mahali pa kununua unga wa muhogo, aliongea mpaka tukaondoka, na njiani alitembea mbele yangu hadi nyumbani.

Ghalani hatukumaliza mwezi. Kampuni ilihamishia mambo yote Meksiko, na Madame akahamia huko. Sikumchukia kama nilivyopaswa. Alikuwa mbali mno nami. Kumchukia kulihitaji nguvu ambayo sikuwa nayo. Chuki yangu yote niliipeleka kwa Maman, miaka mingi, kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu nilimfahamu. Mimi niliingia kazi ya kuosha wazee katika nyumba ya kuwatunza, na humo nikakutana na wengi waliofanana na yule mke wa daktari wa meno. Niliwageuza, nikawafuta, nikawavalisha. Walikuwa wepesi.

Maman alifungua duka la kushona karibu na barabara ya Chaussée de Wavre, likashamiri. Tukikutana barabarani alisimama, akauliza hali ya dada, nami nikauliza za wasichana. Hatukuwahi kuizungumzia Forest. Yule mkubwa alipoolewa walituletea kadi ya mwaliko, jina langu limeandikwa vizuri juu yake. Dada alikwenda, mimi nikabaki nyumbani. Aliporudi alisema bibi harusi alipendeza, chakula kilikuwa kingi, na Maman alikuwa ameniulizia mara mbili.

Nilimuuliza amemjibu nini. Akasema amemwambia niko kazini.